Kabati la Chiku

Kwa miaka minne Chiku alirekodi podikasti yake ya hadithi ndani ya kabati, kwa kuwa nguo humeza mwangwi. Sauti zote alizitoa mwenyewe. Wasikilizaji walivumilia, mpaka mama na binti wa hadithini walipogombana na hakuna aliyejua nani kasema nini. Wakaanza kupungua. Ndipo Chiku alipomwita Desideria, mtunzi mwenzake ambaye yeye Chiku alimkwepa muda mrefu kwa kuogopa kusahihishwa.

Desideria alichungulia kabatini. "Shoga, mimi utanitundika kwenye hanga?"

"Unaweza kunisahihisha ukiwa huko nje."

"Sikuja kusahihisha. Nipe mama, wewe baki na binti."

Chiku alikuwa amemtunga mama yule neno kwa neno. Hata kikohozi chake alikijua. Lakini akatoa nusu ya magauni, akachomoa rafu ya chini na kuiegemeza ukutani.

Waliingia wakachutama, magoti yakigusana. Mlango haukufungika. Chiku akawasha kinasa sauti, akampa Desideria karatasi pekee ya hadithi iliyokuwepo. Mama wa hadithini akavuta pumzi, kwa namna ambayo Chiku hakuwahi kuiandika.