Mstari wa Unga

Kila alipomaliza kazi, Nafuna, mpishi wa kambi ya Jinja, alikung'uta viatu mbele ya Sajini Yekosofati, akafungua leso, akatoa ulimi. Sajini aliukagua ulimi huo kwa makini, upande huu na upande ule, asije mtu akatoka na punje ya sukari ya jeshi.

Hivyo ndivyo taifa lilivyolindwa.

Mafabi, mume wa Nafuna, alikuwa mahabusu katika kambi ya Mbale. Kosa lake: alimcheka askari aliyeanguka na baiskeli. Jumamosi lori lingekuja kuchukua mahabusu, na waliopanda lori lile hawakurudi. Barasa, aliyeshika funguo zote za kambi ile ndogo, alikuwa ametaja bei yake: kilo kumi za sukari kabla ya Jumamosi. Mwaka ule sukari haikuonekana dukani. Watu walikunywa chai kwa chumvi.

Ijumaa asubuhi Mbale waliagiza kilo ishirini kwa ajili ya meza ya maofisa. Sukari ilikuwepo. Mizani haikuwepo, Sajini alikuwa ameipeleka Budondo kupimia kahawa yake ya magendo.

"Sasa tutapimaje?" alifoka, kana kwamba mizani ilitoroka yenyewe.

"Iko paketi ya unga, Afande," Nafuna alisema. "Imeandikwa kilo moja."

Uso wa Sajini ulimeremeta. Aliumwaga unga wote ndani ya kopo kubwa la samli, akausawazisha kwa kidole, akakwaruza mstari kwa ncha ya singe. Kisha akarudi nyuma kuutazama, kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Hii ndiyo kilo. Mwaga unga, pima sukari. Kopo ishirini."

"Lakini Afande, huo mstari ni ya unga. Unga iko nyepesi. Sukari iko na..."

"Iko na nini? Kilo iko na kabila? Kuna kilo ya Mgisu na kilo ya Msoga?" Alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Mimi nilifika darasa la saba, mama. Wewe ulifika wapi? Kwa sufuria!"

Nafuna akaumwaga unga, akachukua kopo. Alikuwa amesema, na dereva Bogere alikuwa amesikia.

Akapima. Sajini alihesabu kwa sauti, kidole kwenye mstari; punje zilizozidi alizirudisha mwenyewe. Ishirini. Gunia likashonwa mbele ya macho yake. Kisha viatu, leso, ulimi.

Bogere alilibeba gunia hadi kwenye gari, akaguna. "Afande, kilo ishirini ya leo nzito."

"Nzito nini? Umelegea kama matoke!"

Gari lilipoanza kunguruma, Nafuna alikuja mbio. "Afande, ukifika unisalimie Barasa. Mwambie nimepima mimi."

"Umesikia huyu?" Sajini alimwambia Bogere. "Mimi nafikiri, yeye anachota, halafu sifa anataka yeye!"

Alilisimulia jambo hilo njia nzima. Walipofika Mbale akalisimulia tena mbele ya Barasa, mlangoni pa stoo, akiigiza sauti ya Nafuna, mkono kiunoni: "Mwambie nimepima mimi!"

Barasa alicheka sana. Alitia sahihi kilo ishirini, akamsindikiza Sajini hadi kwenye gari, akampigia saluti safi.

Kisha akarudi stoo peke yake, akalining'iniza gunia kwenye mizani. Mshale ulipita ishirini bila kusita, ukaenda, ukasimama kwenye thelathini.

Barasa alichota kilo ishirini za jeshi, akaziweka mahali pake. Kumi zilizobaki akazifunga ndani ya koti lake la mvua. Halafu akatoa funguo nyingine, akaenda kwenye mlango wa nyuma wa chumba cha mahabusu.

"Mafabi," aliita. "Toka. Mkeo amelipa."