Nusu Saa ya Kukagua

Mgeni alipiga magoti vumbini kabla hata hajakaribishwa.

Rael hakuinuka. Alikuwa ameketi kivulini kando ya banda la tumbaku, akifunga majani mabichi kwenye fito, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Alimtambua mara moja. Picha yake ilitoka gazetini siku aliyohukumiwa.

"Wewe ni Willis," alisema. "Fundi wa ndege."

"Ndiyo, mama Robi. Nimetoka gerezani wiki jana. Kwetu ni Mbita, lakini bado sijafika. Nimeona nianzie hapa Ntimaru."

Ilikuwa Agosti, mwaka 1997. Ndege yenyewe ilianguka siku tatu kabla ya Krismasi ya 1994. Iliondoka Nairobi kwenda Kisumu na watu thelathini na wanane, ikapotea kwenye mawingu ya mvua, ikaangukia ziwani upande wa Homa Bay. Hakupona mtu. Mirumbe, mume wa Rael, alikuwa ndani. Yeye alikuwa mkaguzi wa ndege katika kampuni hiyohiyo, mkubwa wa Willis kazini, na siku hiyo alipewa kiti kilichobaki wazi ili aje nyumbani.

"Redioni nilisikia," Rael alisema. "Sasa nataka nisikie kwako."

Willis alieleza bila kuinua uso. Asubuhi ile aliosha ndege. Ubavuni mwa ndege kuna vitundu vidogo vya hewa. Vikizibwa, vyombo vya rubani haviwezi kumwonyesha yuko juu kiasi gani. Ukiosha, unavibandika tepu ili maji yasiingie. Ukimaliza, unaibandua. Yeye aliitwa kwenye ndege nyingine kabla hajamaliza, na aliporudi alikusanya ndoo na matambara, akaondoka.

"Tepu ilikuwa ya rangi ya fedha, kama ndege yenyewe," alisema. "Rubani hakuiona. Kule mawinguni alidhani bado yuko juu sana, kumbe maji yako chini yake hapo tu."

Alichora mstari vumbini kwa kidole.

"Walioopoa maiti ni watu wa kwetu. Baba yangu alikuwa kwenye mtumbwi mmojawapo. Tangu siku hiyo hajaniandikia hata barua moja. Nisamehe, mama Robi."

"Siwezi."

Willis aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo tangu alipoanza safari.

Rael alifunga majani mengine, akayakaza kwa uzi. Kisha akauliza, "Mume wangu ndiye aliyepaswa kuiona hiyo tepu?"

"Aliikagua ndege. Mimi nilibandika tepu tena alipokwisha kuondoka. Ndivyo nilivyoiambia mahakama."

"Kukagua kunachukua muda gani?"

"Nusu saa."

"Nilimpigia simu saa nane kasorobo, kutoka posta ya Kehancha. Akaniambia ndege moja imebaki, bado hajaigusa. Redio ikasema ndege iliruka saa nane na dakika tano. Na yeye alikuwa ndani, amefunga mkanda."

Upande wa pili wa ua, mtu alikuwa akimwita mbuzi.

"Umefungwa miaka miwili kwa ajili ya jina lake?" Rael aliuliza.

"Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Marehemu hawezi kujitetea. Nikasema, mtoto wake asikue akiambiwa baba yako aliua watu." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Na tepu niliisahau mimi. Hilo si uongo."

"Willis. Alikagua?"

"Hapana."

Alipokwisha kulitoa neno hilo, yaliyobaki yalitoka yenyewe.

"Alitoka kwenye simu anatetemeka. Abiria walikuwa wameshaanza kupanda. Akaniuliza, umemaliza kila kitu? Nikasema ndiyo. Akatia saini ile fomu akiwa anatembea, akakimbilia ngazi. Hakuwa mtu wa namna hiyo, mama Robi. Nimefanya kazi chini yake miaka kumi na moja, sijamwona akiruka hata skrubu moja. Lakini umwambie mtu malaria imempanda mtoto wake kichwani, kwamba labda hatafika asubuhi. Baba gani angebaki pale kukagua ndege?"

Mikono ya Rael ilikuwa imesimama.

"Usijilaumu kwa ile simu," Willis alisema upesi. "Mama yeyote angepiga. Mimi ndiye wa kulaumiwa, na kosa langu nimelibeba mpaka hapa." Akasita. "Ila kuna neno moja nimeliogopa tangu nilipofika. Gerezani nilikuwa namwombea huyo mtoto kila siku. Nilimwambia Nyasaye, hao thelathini na wanane umekwisha kuwachukua, basi niachie huyu mmoja. Alipona?"

Rael aliuweka ufito chini.

"Hakuwa anaumwa," alisema. "Alikuwa amesimama kando yangu pale posta, anakula mandazi. Mirumbe alikuwa hajaja nyumbani miezi tisa, nami nilitaka tu aje Krismasi."