Sidii Inayojiwasha

"Ukichomeka tu, inajiwasha yenyewe," mkunga alitamba mbele ya ukumbi. Sidii mia mbili za slaidi zake zilishagawiwa kwa zahanati zote. Akachomeka moja kwenye kompyuta.

Ikanguruma, slaidi zikaanza kupita zenyewe. Ya tatu ilipotokea, chini ya picha ya kitoto kichanga yalisomeka maneno aliyojiandikia wakati wa mazoezi: "Hapa paza sauti. Mganga mkuu atakuwa anasinzia."

Watu wakaziba midomo kuzuia kicheko. Kidole cha mkunga kikagusa kitufe cha kuitoa sidii, kikasita. Maji yakimwagika hayazoleki.

Akakiondoa, akapaza sauti kama alivyojiagiza: "Kitovu hakipakwi kitu!"

"Naam, naam!" mganga mkuu akaitikia kutoka mstari wa mbele, akijifuta mate kidevuni.