Mke Mwenza wa Winchi

Winchi kongwe ya jeshi la majini, inayoelea bandarini tangu dereva wake hajaota ndevu, ilikuwa imeinua mzigo wake wa mwisho: winchi mpya, iliyoletwa kuirithi.

“Shemeji, leo Bi Mkubwa anambeba mke mwenza!” kaka wa mke wa dereva alimtania kutoka gatini, akimpungia ishara.

Dereva alicheka. Si Mkuu wa kikosi mwenyewe alimwahidi kuwa atahamia kwenye hiyo mpya?

Mzigo ulipozunguka mbele ya dirisha lake, alichungulia kutafuta kiti chake.

Hapakuwa na kiti, wala kibanda cha dereva. Palikuwa na kamera tu, inamkodolea jicho.

“Shusha basi, shemeji! Umelala?”

Kiganja chake chenye sugu kiliukaza wenzo wa breki, mzigo ukabaki unaning'inia. Kule chini, Mkuu alikuwa ameshaanza kupiga makofi.