Mama Apata Kuona

Sheria iliruhusu kila nyumba kumhifadhi marehemu mmoja tu. Nyumbani kwa Mwanahawa aliyehifadhiwa alikuwa mama yake, Bi Rukia, ambaye kwa miaka sita aliishi kwenye mashine pepe ya Linux, kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta ya sebuleni, akizungumza kwa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi.

Leo Mwanahawa alimwekea eneo-kazi lenye picha badala ya maandishi matupu. Mara mbili skrini ilibaki nyeusi. Akaiongezea mashine kumbukumbu, akaiwasha upya, na rangi zikajaa tele: madirisha, aikoni, na katikati mama yake, kajitanda leso ya zambarau. Mafundi watatu walikuwa wameshindwa. Yeye, mwalimu wa chekechea, ameweza!

"Mwanangu, naona!" Bi Rukia alichungulia sebule kupitia kamera. "Mapazia umebadilisha. Na umenawiri, mashallah."

"Kazi ya mikono yangu hiyo, mama."

"Mungu akubariki. Sasa mwite baba yako naye anione. Kila asubuhi ananiandikia, hajakosa hata siku moja."

Mwanahawa akavitazama vidole vyake, vilivyokuwa vikiziandika salamu zile tangu walipomzika mzee.