Kobe na Kambi Isiyo na Hema

Paliondokea Kobe aliyejifanya mwalimu wa kupiga kambi. Siku moja aliwapeleka Digidigi na Kanga kwenye msitu wa mininga, akawakataza kubeba hema.

“Mjuzi wa msitu hulala nje,” alisema. “Laleni chali, mtazame vilele vya miti.”

Mvua ikanyesha. Digidigi na Kanga wakatetemeka. Kobe akaingiza kichwa gambani.

“Vumilieni, wanangu!” akasema, mkavu kabisa.

Mara maji yakamsomba mteremkoni, yakamgeuza miguu juu.

“Jamani, niinueni!”

“Vumilia, mwalimu,” akajibu Kanga, akikung'uta mabawa. “Si ulisema tulale chali?”

Kobe akavitazama vilele vya miti, akajicheka.

“Nilisema. Nawafundisha wenzangu kulala nje, na mwenyewe tangu nizaliwe sijatoka ndani.”