Jina la Katikati ya Wimbo

Mwanza, mpiga ngoma, alipandishwa jukwaani na watu wawili, kama kabati.

"Njo ule Mwanza?" aliuliza Mama Nathalie. "Ule alikuwa anarukaka juu ya ngoma?"

"Njo yeye," alijibu jirani yake, Mama Ève. "Usimucheke, mama. Ona vile wanamuchunga."

Kweli, mpiga gitaa alikuwa amepiga magoti kumfungia mwenzake kamba za viatu. Ulikuwa wema mkubwa, hasa kwa kuwa ilibidi watu wengine wawili waje kumwinua yeye.

Hivyo ndivyo Orkestra Radi ilivyorudi Kamina, Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa zamani wa watu wa reli. Zamani roki yao iliwafanya mapadri wafunge madirisha. Sasa padri alikaa safu ya mbele, na ndiye aliyeomba waongeze sauti.

Mama Ève hakuja kwa ajili ya roki. Alikuja kwa ajili ya neno moja. Alipokuwa msichana aliitwa Ndaya. Tangu binti yake wa kwanza azaliwe, akawa Mama Ève: kwa majirani, sokoni, hata kinywani mwa marehemu mume wake. Na aliyejua kulitamka jina la Ndaya likawa tamu alikuwa mmoja tu, Lumbala, mwimbaji wa Radi. Siku alipopanda treni kwenda kutafuta umaarufu, alimwambia hivi: katikati ya wimbo wake wa treni gitaa hunyamaza, na nafasi ile ni ya jina lake. Akirudi Kamina, ataliita mbele ya watu wote.

Kwenye kaseti iliyotoka baadaye, mahali hapo, Lumbala alilia tu "Wee mama!" Ni neno pana, linawatosha akina mama wote wa Katanga. Ndaya alimsamehe. Kaseti si Kamina.

Wiki hiyo alimwambia Mama Nathalie, kwa aibu, kwamba mwimbaji ataita jina lake. Mama Nathalie alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema atamsindikiza, maana goti la Mama Ève lilikuwa linamsumbua.

"Miye nakuya juu ya ile goti yako tu," alikumbusha asubuhi, akiwa katika kitenge ambacho hakukivaa hata kwenye harusi ya mwanawe, poda imefika masikioni.

Lumbala aliingia mwisho. Zamani aliingia kwa kuruka. Leo aliingia kwa kupumzika kila hatua, akafika kwenye kiti cha plastiki, akainua mkono.

"Jambo yenu, Likasi!"

"Kamina, Papa!" watu wakapiga kelele.

"Njo vile nilisema," alijibu kwa heshima zote.

Mama Nathalie alimgusa mwenzake kwa kiwiko. "Umesikia? Anasahau muji muzima, njo atakumbuka muntu? Ata meno yake hakumbuke ni wapi aliachaka."

Wimbo wa treni ukaanza. Kila sauti ilipotakiwa kupanda, ukumbi wote uliimba kwa niaba ya Lumbala. Ilikuwa heshima, na ilikuwa pia njia ya kumzuia asijaribu. Mama Ève aliwapenda watu wa Kamina kwa hilo.

Mama Nathalie alikuwa amenyamaza. Hilo halikuwa jambo la kila siku, na Mama Ève alimshukuru kimoyomoyo: hata huyu anajua kuhurumia.

"Inafika," alinong'ona Mama Nathalie. "Sasa gitaa itanyamaza."

Gitaa likanyamaza. Ngoma ilichelewa kidogo, maana Mwanza hakusikia, lakini nayo ikanyamaza.

Lumbala alivua miwani myeusi. Akafungua kinywa, akakifunga. Akatazama dari. Akawatazama wenzake mmoja mmoja, nao wakatazama viatu vyao. Hata padri aliacha kupunga feni yake ya karatasi.

Mama Ève alisikia moyo wake ukimuuma kwa ajili ya mzee yule kuliko kwa ajili yake mwenyewe. "Acha tu, Papa," alisema chini chini. "Ata ukikosa, haina kitu."

Ndipo Lumbala akaegemea mbele, akasukuma maikrofoni pembeni, na kwa sauti ya kijana aliyesimama kwenye mlango wa treni akaita:

"Ndayaaa!"

Jina likamfikia likiwa zima, halijachakaa hata kidogo. Goti lilisahau maumivu yake. Mama Ève alinyoosha mkono ashike bega la mwenzake, apate kuinuka, na mkono ukashika hewa.

Mama Nathalie alikuwa amekwisha simama, akipunga kitambaa juu, machozi yakichora njia ndani ya poda.

"Niko hapa, Lumbala!" alilia. "Ndaya wako niko hapa!"